Abdallah Susi: chupa ya brandi, gunia la chumvi na safari ya kupitia Tabora

Ukifika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, utaonyeshwa tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Wengi wanalijua jina la Mzungu huyo. Leo tunamkumbuka Abdallah Susi, mtu aliyehakikisha kwamba mwili wake unafika kwao.

Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika Msumbiji ya leo. Mwaka 1863 aliajiriwa na Livingstone. Mwaka uliofuata alivuka naye bahari hadi Bombay, na mwaka 1866 wakashuka Mikindani kuanza safari ndefu ya bara. Novemba 1871 walikuwa Ujiji, Livingstone akiwa mgonjwa na ameishiwa mali. Hapo akatokea Henry Morton Stanley na msafara wake, na Susi ndiye aliyekimbia kumlaki. Katika mizigo ya Stanley mlikuwa na chupa ya shampeni, iliyobebwa kwa mabega ya wapagazi kutoka pwani. Wazungu hao wawili waliifungua wakanywa pamoja.

Msikilizaji anaweza kuuliza: kwa nini kubeba kinywaji njia yote hiyo, wakati Unyamwezi ina pombe ya mtama na asali tele ya kutengenezea wanzuki? Ni kwa sababu pombe ya kienyeji huchacha baada ya siku chache. Vinywaji vya chupa hukaa, na brandi hukaa kuliko vyote. Brandi hupatikana kwa kuchemsha mvinyo wa zabibu na kukusanya mvuke wake, jinsi gongo inavyopatikana, kisha hulazwa miaka ndani ya mapipa ya mbao. Ukali wake huzuia kuoza. Kwenye misafara, brandi ilikuwa pia dawa.

Susi aliijua kazi hiyo ya pili. Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, yeye na mwenzake Chuma waliwaita wenzao wakashauriana. Wangeweza kumzika na kutawanyika. Waliamua kumpeleka pwani, ingawa maiti njiani ilikuwa hatari kwao wote, kwa kuwa vijiji vingi viliiogopa. Moyo na viungo vya ndani vilizikwa chini ya mti. Mwili ulitiwa chumvi, brandi kidogo ikawekwa mdomoni na kwenye nywele, kisha ukakaushwa juani kwa siku 14. Waliufunga kwa gome la mti, wakaubeba kwenye mti mmoja mrefu.

Oktoba 1873 walifika Unyanyembe. Luteni Cameron wa Uingereza, aliyekuwa hapo, aliwashauri wauzike mwili palepale. Walikataa. Huko mbele, Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite. Susi na wenzake wakatengeneza furushi la uongo na kulirudisha Unyanyembe kama kwamba linakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Februari 1874 waliwasili Bagamoyo. Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi, wakasaidia kuandaa shajara zake za mwisho. Baadaye Susi alifanya kazi na Stanley huko Kongo, kisha akaongoza misafara ya wamisheni. Alibatizwa jina la David mwaka 1886, akafariki Zanzibar mwaka 1891.

Tunaitazama tena ile chupa kwa kuwa pombe kali bado inauzwa kwenye njia hiyohiyo, na wengi huipima kwa macho. Rangi ya kahawia si ushahidi wa umri. Wengine huipata kwa kutia sukari iliyounguzwa. Bourbon ya Marekani, kwa mfano, ni wiski ambayo nafaka yake kubwa ni mahindi, na hulazwa kwenye mapipa mapya yaliyochomwa ndani. Umri huhesabiwa kwa miaka ya ndani ya pipa. Ikishatiwa kwenye chupa haikomai tena. Kwa hiyo soma lebo: imelazwa miaka mingapi, imetengenezwa wapi, na kizibo hakijafunguliwa? Bei nafuu peke yake si kosa. Hatari kubwa ni kinywaji kisichojulikana kilikotoka, maana methanoli inaweza kupofusha au kuua, na huwezi kuitambua kwa kunusa wala kuonja.

Susi na wenzake walikuwa na chumvi, brandi kidogo na gome la mti. Kwa vitu hivyo walitimiza walichokubaliana kwa Chitambo, kwa mwendo wa miezi mingi, na Tabora ikiwa katikati ya njia yao.