Springer: askofu aliyeandaa watu

Ukitoka Likasi kwa barabara ya Kolwezi utapita Mulungwishi, ambako wachungaji wengi wa Katanga wamesomea. Jina la John McKendree Springer halitengani na mahali pale.

Alizaliwa Marekani mwaka 1873. Mwaka 1907 yeye na mke wake Helen walivuka Afrika hadi Angola, sehemu kubwa kwa miguu. Mwaka 1910 wakarudi kuanza kazi ya Methodisti Katanga. Nchi ni pana, lugha ni nyingi. Watu wawili wasingefika kila kijiji.

Kwa hiyo Springer aliandaa watu. Kayeka, Mlunda aliyechukuliwa utumwani Angola na kuijua Injili huko, alikuwa kati ya watenda kazi wa kwanza. Vijana walifundishwa Neno, kisha wakatumwa kwa watu wao.

Springer alichaguliwa askofu mwaka 1936, akastaafu 1944, akafariki 1963. Mwaka 1964 John Wesley Shungu akawa Mkongo wa kwanza kuchaguliwa askofu wa Methodisti. Kutoka 1910 ni miaka 54. Kuandaa kulianza mapema, kuachia kulichelewa.

Siku hizi wanaita kazi hii ukocha wa viongozi. Kocha hachezi mpira. Anasimama kando, anauliza, anasahihisha, lakini anayefunga goli ni mchezaji. Hapo ndipo kiongozi hukua: akiaminiwa kazi yenyewe huku mkubwa wake akiwa karibu.

Mchungaji, mzee wa kanisa, mama kiongozi: unamwandaa nani leo? Na utamwachia lini?