Andreas Grüntzig: Daktari Aliyezibua Mishipa ya Moyo kwa Puto

Septemba 29 ya kila mwaka Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Moyo Duniani. Kwa wananchi wa Njombe na Makambako, siku hiyo inakumbusha umbali. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), inayozibua mishipa ya moyo bila kupasua kifua, ipo jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 600 kutoka Makambako. Aliyeanzisha tiba hiyo ni Dkt. Andreas Grüntzig.

Grüntzig alizaliwa Juni 25, 1939 mjini Dresden, Ujerumani, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vita iliyompotezea baba. Alikulia upande wa Mashariki, akavukia Magharibi akiwa kijana, na mwaka 1964 akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Heidelberg.

Mwaka huohuo nchini Marekani, Dkt. Charles Dotter alizibua mshipa wa mguu kwa kupitisha mirija migumu iliyozidiana unene. Grüntzig, ambaye mwaka 1969 alihamia Zürich, Uswisi, alitafuta njia iliyo salama zaidi. Jioni, juu ya meza ya jikoni kwake, yeye na wasaidizi wake walitengeneza mrija mwembamba wenye puto dogo la plastiki, linalojazwa likishafika penye kizuizi. Mwaka 1974 alilitumia katika mshipa wa mguu. Mwaka 1976 aliwasilisha mjini Miami matokeo ya majaribio kwa mbwa, na wataalamu wengi hawakuamini kuwa jambo hilo lingewezekana kwa binadamu.

Septemba 16, 1977 mjini Zürich, Grüntzig alizibua mshipa wa moyo wa mgonjwa mwenye umri wa miaka 38, akiwa macho. Miaka kumi baadaye mshipa huo ulikuwa bado wazi.

Grüntzig hakuficha upungufu wa tiba yake. Aliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi na kueleza wazi kwamba kwa baadhi yao mshipa husinyaa tena. Aliwapa pia dawa za kuzuia damu kuganda. Sababu yake inaonekana ndani ya damu yenyewe. Mwaka 1967 mtafiti Peter Wolf alieleza chembechembe ndogo mno zinazomeguka kutoka kwenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Tafiti za baadaye zilionesha kuwa chembechembe za aina hiyo, zikiwemo zinazotoka kwenye ukuta wa mishipa, huongezeka kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo na huweza kuchochea damu kuganda. Hivyo puto hufungua njia, lakini damu hubaki na mwelekeo wa kuiziba.

Mwaka 1980 Grüntzig alihamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani, alikofundisha madaktari kutoka mataifa mbalimbali. Oktoba 27, 1985 alifariki dunia pamoja na mkewe katika ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Urithi wake una masharti mawili. La kwanza ni muda, kwa kuwa misuli ya moyo iliyokosa damu hufa kadiri saa zinavyopita. Mwenye maumivu ya kubana kifuani yanayosambaa begani, mkononi au tayani, jasho jingi na kukosa pumzi, afikishwe mara moja katika hospitali iliyo karibu badala ya kusubiri kupambazuke. Pale ambapo kituo cha kuzibua mishipa ni mbali, daktari huweza kuanza na dawa ya kuyeyusha bonge la damu kabla ya mgonjwa kusafirishwa.

Sharti la pili ni dawa. Aliyezibuliwa mshipa na kurejea nyumbani hapaswi kuacha dawa kwa kujisikia amepona, bali azitumie hadi daktari wake atakapoelekeza vinginevyo.