Padre Aliyejifunza kwa Viziwi

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, kama katika nchi yetu nzima, wako watoto wasiosikia. Mgeni akipiga hodi, pengine mtoto wa namna hiyo huondolewa barazani, na wakubwa husema kwamba huyu ni bubu, hana la kufundishwa. Hatusemi haya ili kumlaumu mzazi yeyote, maana wengi hutenda hivyo kwa huzuni na kwa kutojua. Lakini kosa hilo ni la zamani sana, na mmoja wa waliopigana nalo kwa nguvu alikuwa padre. Twaona yafaa jamaa zetu wajue habari za maisha yake.

Charles-Michel de l'Épée alizaliwa tarehe 24 Novemba 1712 mjini Versailles, Ufaransa. Tangu ujana alitamani upadre. Lakini siku zile Kanisa la Ufaransa lilikuwa na mashindano makali juu ya mafundisho ya Jansenius, naye alikataa kutia sahihi tamko la kuyapinga. Kwa hiyo alizuiliwa daraja takatifu, akasoma sheria na kuwa wakili. Baadaye Askofu wa Troyes alimpokea akampa upadre. Hata hivyo, huko Paris alinyimwa ruhusa ya kuungamisha. Basi alikaribia umri wa miaka hamsini akiwa padre asiye na kazi kubwa mbele ya macho ya watu.

Yapata mwaka 1760 aliingia katika nyumba moja mjini Paris, akawakuta wasichana wawili mapacha wakishona. Aliwaamkia, wasijibu. Mama yao aliporudi alimweleza kwamba binti zake hawasikii, na kwamba Padre Vanin, aliyekuwa akiwafundisha dini kwa picha, amekwisha kufariki. Zamani zile wengi, hata watu wa elimu, walidhani kwamba imani na akili huingia kwa mlango wa masikio tu. Padre de l'Épée alihofu kwamba wasichana hao wangekufa bila kumjua Mungu, akajitwika mzigo ule mwenyewe.

Akafikiri hivi: neno maji halina unyevu wala halifanani na maji, ni mapatano ya watu tu kwamba sauti ile iwe na maana ile. Kama sauti yaweza kubeba wazo, kwa nini mkono usiweze? Aliwatazama viziwi wa Paris, akaona kwamba wana alama zao za kuzungumzia. Hakuzidharau. Mwalimu akageuka mwanafunzi, akajifunza kwao kwanza, ndipo akawafundisha kusoma na kuandika.

Kabla yake, katika karne ya 16, mtawa Pedro Ponce de León wa Hispania alikuwa amewafundisha watoto viziwi wa wakuu. Padre de l'Épée aliwafungulia mlango maskini pia. Shule yake ilikuwa nyumbani kwake, bila ada, naye aliigharimia kwa mali yake. Kufika mwaka 1785 wanafunzi walizidi 70. Mwaka 1777 Kaisari Joseph wa Pili wa Austria alikwenda kuitazama, kisha akamtuma padre mmoja ajifunze kazi hiyo. Na mwaka 1779 shule ikafunguliwa Vienna. Husimuliwa kwamba katika baridi kali ya mwaka 1788 mzee huyo alijinyima kuni ili fedha iwafae wanafunzi, mpaka wao wenyewe wakamsihi awashe moto.

Hata hivyo, si haki kuficha upungufu wake. Alidhani kwamba alama za viziwi hazina sarufi, akabuni nyingine nyingi ili zifuate Kifaransa neno kwa neno. Wanafunzi waliandika sentensi ndefu kwa kuzifuata, lakini walipozungumza wao kwa wao walirudia lugha yao. Mwaka 1779 kiziwi mmoja, Pierre Desloges, fundi wa kujalidi vitabu, alitoa kitabu kueleza kwamba viziwi wa Paris walikuwa na lugha kamili hata wale ambao hawakupata mwalimu.

Padre de l'Épée alifariki tarehe 23 Desemba 1789. Mwaka 1791 Bunge la Ufaransa liliichukua shule yake kuwa ya taifa. Kutoka huko kiziwi Laurent Clerc alikwenda Marekani, na mwaka 1817 akashiriki kuanzisha shule ya Hartford. Lakini mwaka 1880 mkutano wa walimu mjini Milan, karibu wote wenye kusikia, uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema kwa mdomo, na alama ziachwe. Kwa miaka mingi watoto walikatazwa kutumia mikono yao. Ndipo mwaka 1960 mtaalamu mwenye kusikia, William Stokoe wa Marekani, alipochapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba lugha ya alama ina mpango wake, kama lugha nyingine zote. Mwaka 2010 mkutano wa Vancouver ukayakana maamuzi ya Milan.

Hapa kwetu Kanisa lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, ya kwanza nchini; nako Mugeza, Bukoba, iko shule nyingine. Viziwi wetu nao wana Lugha ya Alama ya Tanzania. Lakini shule, hata ikiwa njema namna gani, haiwezi kuchukua nafasi ya nyumba. Mhangaza akivuka mpaka kwenda Burundi huelewana na jirani yake, maana lugha zao ni ndugu. Bali mtoto wake kiziwi huweza kuwa mgeni nyumbani kwa mama yake mwenyewe. Akirudi likizo na lugha mikononi, asipate wa kuzungumza naye, atakuwa amefaidi nini?

Kwa hiyo twawasihi wazazi, kaka na dada, na makatekista pia: msingoje mtoto ajifunze ninyi mkiwa mmekaa. Mpelekeni shule mapema, kisha mwombeni awafundishe alama zake, moja leo na nyingine kesho. Padre yule alikuwa msomi na mtu mzima, wala hakuona haya kufundishwa na viziwi.