Msiri: mwana wa wawinda tembo aliyeunganisha bahari mbili

Kila siku maroli yaliyobeba shaba hutoka Katanga, yakapanga foleni Kasumbalesa, yakavuka Zambia, yakapita Tunduma na kushuka hadi bandari ya Dar es Salaam. Wafanyabiashara wengi wanaoishi kwa njia hiyo hudhani ni ya juzi, imekuja na lami na mashine za forodha. Ukweli ni kwamba shaba ya Katanga ilikuwa ikienda mashariki kabla ya mpaka wowote kuchorwa. Mtu aliyeifanya safari hiyo kuwa dola alitoka Usumbwa, kaskazini-magharibi ya Tabora, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikufa akiwa mfalme huko Bunkeya, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Huyo ni Msiri, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Ngelengwa, na ambaye watu wake humwita Mwenda.

Alizaliwa yapata mwaka 1830 miongoni mwa Wasumbwa, ndugu wa karibu wa Wanyamwezi. Enzi hizo, kijana wa Unyamwezi ambaye hajawahi kusafiri hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Wapo waliokwenda pwani wakibeba mizigo begani, na wapo waliofuata tembo. Wawinda tembo walikuwa na chama chao, chenye dawa zake, miiko yake na walimu wake, na mtu hakujiingiza tu. Aliwekwa chini ya fundi, akafundishwa kusoma nyayo, kujua upepo unakotoka, kuvumilia njaa na kufunga mdomo. Katika lugha yao wawindaji hao waliitwa bayege. Ndilo jina lililokwenda Katanga pamoja na watu wa Msiri, na mpaka leo jamii yao huko Congo huitwa Bayeke.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa baba yake, Kalasa. Mzee huyo alikuwa mkuu wa misafara, naye alizoea kwenda Katanga kununua shaba, akaipeleka nyumbani na kuiuza. Safari ilikuwa ndefu: kupita kusini ya Ziwa Tanganyika, kuvuka mto Luapula katika nchi ya Kazembe, kisha kuingia kwa watawala wadogo waliomiliki machimbo. Kila mwenye nchi alidai hongo. Zamani neno hilo lilimaanisha ushuru halali wa kupita, si rushwa kama linavyosikika leo. Kalasa alijua kwamba hongo peke yake haitoshi. Alifanya urafiki na watawala wa njiani, akarudi kwao msimu baada ya msimu, akalipa alichoahidi. Mwanawe alipokuja kupita njia ile ile, alikuta milango iko wazi kwa sababu ya jina la mzee.

Mali aliyoikuta Katanga haikuwa ndogo. Wenyeji walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuru za udongo na kumimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha katika nchi nyingi za ndani ya Afrika. Kulikuwa na chumvi katika bonde la Lufira, na tembo walijaa misituni. Kilichokosekana ni nguvu ya kulinda mali hiyo. Watawala wa huko walikuwa wengi na wadogo, wakilipa kodi kwa Kazembe upande mmoja na wakivamiwa na Waluba upande mwingine.

Yapata mwaka 1856 Ngelengwa alifika na kundi la wenzake, wawindaji na wachuuzi, wakiwa na bunduki chache. Hakuja na jeshi. Alikuja kununua pembe na shaba kama baba yake. Lakini Waluba walipowashambulia Wasanga, mtawala wao Pande aliwaomba wageni msaada, na bunduki zile ziliwatimua wavamizi. Simulizi za Bayeke zinasema Pande alimpa Ngelengwa kombe la bahari lililokuwa alama ya utawala. Kuanzia hapo mgeni akawa mlinzi, na kabla ya miaka mingi kupita mlinzi akawa mwenye nchi. Aliacha kumtambua Kazembe kuwa mkubwa wake, akafunga njia za kodi kwenda Luapula, akaweka makao Bunkeya, karibu na mto Lufira.

Hapo ndipo akili yake ya biashara ilipoonekana. Wakuu wengi wa misafara walijua soko moja tu, lile la Pwani ya Mashariki. Msiri alikataa kutegemea mnunuzi mmoja. Upande wa mashariki alifanya biashara na Wanyamwezi, Waarabu na Waswahili waliofika na nguo na shanga za Unguja. Upande wa magharibi aliwafungulia mlango Waovimbundu wa Bihé, waliokuwa na njia mpaka Benguela kwenye bahari ya Atlantiki, nao wakamletea bunduki na baruti. Ili kuutia nguvu uhusiano huo alimwoa Maria de Fonseca, mwanamke wa asili ya Kireno na Kiafrika kutoka Angola, akawa miongoni mwa wake zake wakuu. Hivyo mtoto wa Usumbwa alikaa katikati ya bara, mkono mmoja ukigusa Bahari ya Hindi na mwingine Atlantiki. Bei ya upande mmoja ilipomchosha, aliuza upande wa pili.

Alileta pia ufundi. Mafundi wake walijua kuivuta shaba ikawa waya mwembamba, wakatengeneza vikuku na urembo uliouzwa mbali kuliko misalaba mizito. Bayeke husimulia kwamba ndio walioleta viazi vitamu katika nchi hiyo, na ujuzi wa kuchanja watu dhidi ya ndui. Bunkeya ilikuwa mji wa lugha nyingi, na Kiswahili kilikuwa kati ya lugha zilizosikika sokoni, miaka mingi kabla ya migodi ya Wazungu kukifanya lugha ya kazi ya Katanga.

Vijana waliomfuata aliwatendea kama alivyotendewa yeye. Aliwapa bunduki na eneo la kuwinda, akawatuma kusimamia vijiji na misafara, na waliofaulu wakawa wakuu. Mwindaji aliyeua tembo alipaswa kupeleka pembe kwa mfalme, kisha akapewa nguo au baruti. Utaratibu huo ulileta nidhamu, ukamfanya kila mwindaji kuwa mtu wa serikali. Lakini ulimaanisha pia kwamba mwenye nchi halisi, aliyezaliwa juu ya shaba na chumvi hiyo, hakuwa na ruhusa ya kuuza chake kwa mgeni anayemtaka.

Haifai kuisimulia habari yake bila kusema habari ya watumwa. Miongoni mwa mali zilizotoka Bunkeya kwenda Angola na kwenda mashariki walikuwamo watu. Baruti iliyolinda dola ililipwa kwa pembe na kwa binadamu waliokamatwa vitani. Kadiri alivyohitaji bunduki zaidi ndivyo vita vilivyoongezeka, na kadiri vita vilivyoongezeka ndivyo alivyohitaji bunduki. Katika uzee wake alizidi kuwa mkali. Wageni waliofika Bunkeya waliona mafuvu ya waliouawa yametundikwa juu ya miti ya uzio. Wenyeji walioomba ulinzi kwa baba wa zamani sasa walimhitaji mtu wa kuwalinda dhidi yake.

Mwaka 1891 mambo yaliiva. Wasanga, wale wale waliompokea, waliinuka baada ya mwanamke wa kwao kuuawa na haki kutotendeka. Waliziba njia na kuvamia misafara. Mashamba yaliachwa na njaa ikaingia mjini. Chumvi na shaba havikusaidia kitu kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuvibeba kwa usalama.

Wakati huo huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakiigombania Katanga. Mmishenari Frederick Arnot alikuwa amefika mwaka 1886 na Msiri akampokea vizuri. Mwaka 1890 alikuja Mwingereza Alfred Sharpe, naye mwindaji wa tembo, akiwa na mkataba wa kampuni ya Cecil Rhodes. Msiri alitaka kujua maana ya karatasi hiyo, na alipoelezwa akakataa kuitia alama. Mfalme Leopold wa Ubelgiji naye alituma watu wake, mmoja baada ya mwingine, nao hawakupata walichotaka. Msiri alijua thamani ya nchi yake, akacheza nao kama alivyozoea kuwachezesha wanunuzi wa mashariki na magharibi. Safari hii, hata hivyo, wanunuzi hawakuja kununua. Kila mmoja alitaka duka zima.

Mwezi Desemba 1891 alifika William Stairs, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akimtumikia Leopold. Msafara wake ulitokea pwani kupitia Bagamoyo, na mizigo yake ilibebwa na mamia ya wapagazi, wengi wao watu wa Unguja na bara la leo la Tanzania. Kwa maneno mengine, njia ya Kalasa ndiyo iliyomleta adui wa mwanawe. Msiri alikuwa ameandikiwa barua ya kumwita Sharpe arudi, akitaka Mwingereza amsaidie kumzuia Mbelgiji, lakini barua hiyo iliangukia mikononi mwa Stairs. Bendera ya Leopold ilipandishwa mlimani bila idhini ya mfalme, naye usiku akahamia kijiji cha jirani.

Tarehe 20 Desemba 1891 Stairs alimtuma nahodha Mbelgiji, Omer Bodson, na kikosi chenye bunduki kwenda kumchukua. Yakatokea mabishano, Bodson akampiga Msiri risasi akafa papo hapo. Watu wa mfalme nao wakampiga Bodson, akafa kwa jeraha lake. Bayeke husimulia kwamba kichwa cha Mwenda kilikatwa na kuchukuliwa, na jambo hilo bado linawauma. Stairs mwenyewe hakufika kwao. Alikufa kwa malaria huko Chinde, Msumbiji, mwezi Juni 1892.

Mwanawe, Mukanda-Bantu, aliachiwa nchi ndogo chini ya bendera ya wageni. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière iliundwa kuchimba shaba ile ile, na mwaka 1910 ukaanzishwa mji ambao leo ni Lubumbashi. Mpaka ulichorwa kufuata Luapula, na njia ya kwenda Usumbwa ikawa njia ya nchi za kigeni. Ukoo wa Mwenda haukuisha. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960, alikuwa wa uzao wake. Kila mwaka tarehe 20 Desemba Bayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka.

Congo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na watu wakasema ni mwanachama mpya. Kwa wazee wa Usumbwa na Bunkeya upya huo una kiasi. Kalasa alivuka nchi hizo kwa miguu, akaheshimiwa kwa sababu alilipa hongo, alirudi alikoahidi kurudi, na hakumnyang'anya mwenyeji soko lake. Mwanawe alikuwa mkubwa kuliko yeye kwa kila kipimo cha mali na nguvu, ila siku ya shida ilipomfika, majirani waliowahi kuufungulia mlango ukoo huo hawakusimama upande wake.