Ginette Neveu, fidla iliyobaki kwenye santuri

Sisi tuliokulia kwenye taarab fidla tunaijua, ila huyu Ginette Neveu wengi hawajamsikia. Alizaliwa Paris mwaka 1919, na mwalimu wake wa kwanza wa fidla alikuwa mama yake mzazi. Mwaka 1935, binti wa miaka 15 tu, alikwenda Warsaw kwenye mashindano ya Wieniawski akawa wa kwanza. Wa pili alikuwa David Oistrakh, mwanamume wa miaka 26, ambaye baadaye alivuma dunia nzima.

Vita Kuu ya Pili vikamkatia safari. Vilipokwisha mwaka 1945, akaenda London kurekodi konseto ya Sibelius, na mwaka uliofuata ile ya Brahms. Katika Sibelius, mwanzo fidla za okestra zinanong'ona tu, kisha yake inaingia taratibu juu yao, kama mtu anayeanza kusimulia jambo zito. Mwisho inageuka ngoma hasa.

Tarehe 28 Oktoba 1949, ndege ya Air France iliyotoka Paris kwenda New York iligonga mlima visiwani Azores. Watu wote 48 walikufa, akiwemo bondia Marcel Cerdan, aliyekulia Morocco. Ginette alikuwa na miaka 30. Nduguye Jean, mpiga piano wake, alikuwa naye. Mama yao akapoteza wawili kwa siku moja.

Lau asingeingia studio miaka ile miwili, leo santuri hizo za Sibelius na Brahms tusingekuwa nazo.