Mkunga wa Mfalme na Somo Lake kwa Pwani Yetu

Uzazi unapokuwa mgumu usiku wa manane, mkunga wa Malindi au Kilifi humwita daktari, naye daktari humwita mtaalamu wa nusukaputi. Je, watatu hao walipata kufundishwa pamoja lini? Swali hili lanikumbusha maisha ya Angélique du Coudray.

Bibi huyu Mfaransa alihitimu ukunga jijini Paris mwaka 1740. Baadaye, katika mkoa wa Auvergne, aliwakuta wanawake wa vijijini wakizalisha bila mafunzo, wengi wao wasiojua kusoma. Akabuni sanamu ya kiuno cha mama, ya kitambaa na ngozi, pamoja na mtoto wake, ili mkono ukosee hapo kabla ya kumgusa binadamu. Mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 alimpa kibali cha kufundisha nchi nzima. Kwa zaidi ya miaka 20 alizunguka miji, akafunza maelfu ya wakunga. Madaktari wapasuaji nao aliwafunza kwa sanamu hizo, wapate kuiendeleza kazi yake. Alifariki Bordeaux mwaka 1794; sanamu yake moja ingali imehifadhiwa Rouen.

Walimu wa vyuo vyetu vya afya, mbegu hiyo tuipalilie. Wanafunzi wa ukunga, utabibu na nusukaputi wakalishwe mbele ya sanamu moja, wajifunze kuitana, kusikilizana na kukosoana bila kuoneana haya. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mama anayevuja damu hana muda wa kungojea watu wajuane.