Mathias Mnyampala: Ngonjera na Malezi ya Raia Mwema

1.0 Utangulizi

Katika historia ya ushairi wa Kiswahili, jina la Mathias E. Mnyampala (1917–1969) huambatana na ngonjera. Hata hivyo, ngonjera imejadiliwa zaidi kama chombo cha siasa ya Ujamaa, na mtoto wa shule aliyetarajiwa kuighani amesahauliwa. Makala haya yanaeleza maisha ya Mnyampala kwa kuzingatia suala hilo: ni raia wa namna gani aliyekusudiwa kulelewa kwa ushairi wa majibizano?

2.0 Ugogo na Makuzi ya Mshairi

Mnyampala alizaliwa Muntundya, Ihumwa, mashariki mwa Dodoma. Wakati huo Dodoma ilikuwa mji mdogo uliokua kandokando ya reli iliyofika hapo mwaka 1910. Ihumwa na Miyuji, ambazo sasa ni kata za Jiji la Dodoma, zilikuwa nchi ya Wagogo wakulima na wafugaji. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vikiendelea, na majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka Ugogo. Njaa iliyofuata, ijulikanayo kama Mtunya, iliua watu wengi na kuwatawanya wengine.

Kigogo ndiyo lugha aliyoinukia, Kiswahili alijifunza. Katika maisha yake alifanya kazi za ualimu, ukarani, uliwali na uhakimu. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, na mwaka 1963 *Diwani ya Mnyampala*. Akiwa Mkatoliki, alitunga pia *Utenzi wa Enjili Takatifu* na *Utenzi wa Zaburi*. Kazi hizi zinadhihirisha kuwa mtu wa bara, asiyezaliwa katika Kiswahili, aliweza kuimudu sanaa ya vina na mizani iliyokomaa pwani. Jambo hilo lilikuwa na uzito katika taifa lililokuwa likitafuta lugha ya kuwaunganisha raia wake.

3.0 Ngonjera Darasani

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea ikafuata mwezi Machi. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwakutanisha washairi na kuwaomba waieneze siasa hiyo kwa sanaa yao. Mnyampala, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, aliitikia kwa kutunga ngonjera za kughaniwa mbele ya hadhira.

Majibizano ya kishairi hayakuwa mageni. Malumbano yalikuwepo pwani tangu zamani. Jipya lilikuwa kuyatoa kwa washairi mabingwa na kuwapa wanafunzi. Kwa kawaida mhusika mmoja huwa na shaka au upotovu, na mwenzake humwelekeza beti kwa beti hadi akubali. Vina na mizani humsaidia mtoto kukariri. Kusimama mbele ya wazazi na wanakijiji humfunza kusema hadharani. Kwa mtoto wa Ugogo aliyeingia shule na Kigogo chake, hilo lilikuwa pia somo la Kiswahili.

4.0 Tathmini

Wahakiki wameilaumu ngonjera kwa sababu mwisho wake hujulikana tangu mwanzo: mwenye shaka hana budi kushindwa. Lawama hii ina msingi. Raia mwema anayelelewa hivyo huenda akajifunza kuafiki kabla ya kujifunza kupima. Isitoshe, ushairi uliofungamana na sera hupungukiwa na nguvu sera inapobadilika.

Hata hivyo, umbo lenyewe lina zaidi ya fundisho lake. Ili ngonjera isimame, lazima mpinzani apewe beti zake, na lazima mtoto fulani azighani kwa ufasaha. Hapa ngonjera hufanana na baraza, ambapo kila upande husikilizwa kabla ya uamuzi. Mtunzi aliyewahi kuwa hakimu hakuwa mgeni wa utaratibu huo, ingawa katika ngonjera hukumu hutangulia ushahidi. Udhaifu, basi, haumo katika majibizano bali katika kumnyima mpinzani hoja nzito.

5.0 Hitimisho

Mnyampala alifariki Dodoma tarehe 8 Juni 1969. Hakuwahi kuviona vitabu viwili vya *Ngonjera za UKUTA*, vilivyochapishwa mwaka 1970 na 1971 na kuwafikia wanafunzi wengi. Ujamaa aliouhubiri haukudumu kama ulivyotarajiwa, lakini ngonjera bado hughaniwa katika mahafali na sherehe za shule, zikihusu afya, mazingira au haki za mtoto. Umbo limeishi kuliko ujumbe wake wa kwanza. Kazi iliyobaki kwa watunzi na walimu ni kumpa yule mtoto mwenye shaka hoja zinazostahili kujibiwa, kwani mtoto asiyewahi kusikia shaka ikitetewa vizuri hawezi kuwa raia wa kutegemewa.